Jiwe la Kwenye Firigisi

Wanangu wanasema nina kisirani na kuku. Kuku akiletwa mezani, kabla sijanawa mikono nimeshauliza firigisi iko wapi na anapewa nani. Wanacheka. Wacha wacheke. Wao wamesoma wote, wa kike na wa kiume, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa asomeshwe na mchwa.

Mimi niliambiwa. Sitanii. Ilikuwa zamani za Mwingereza, miaka michache baada ya vita kuu ya pili, kwetu Machame, juu kidogo ya Kwa Sadala. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne shule ya misheni, wa kwanza kwa wasichana na wa pili ukituchanganya na wavulana, na huyo mvulana wa kwanza, hesabu za kugawanya nilimfundisha mimi. Barua ikaja kwamba nimepata nafasi shule ya bweni ya wasichana. Ndani yake viliandikwa vitu vya kwenda navyo: blanketi, sanduku la bati, magauni mawili na ada ya mwaka. Asiyefika na vyote siku ya kufungua, nafasi yake anapewa mwingine. Mama aliiweka barua ile ndani ya Biblia yake, na kila Jumapili kanisani akawa anaifungua Biblia mahali pale pale palipokaa barua, hata kama mchungaji anasoma kwingine kabisa.

Kahawa ilikuwepo. Nataka hilo lieleweke, maana watu wakisikia hadithi hii husema masikini, wazazi hawakuwa na kitu. Walikuwa nacho. Kihamba chetu, shamba la nyumbani, kilikuwa na migomba, ng'ombe wawili wa ndani, na kahawa, na mwaka ule kahawa ilizaa vizuri. Ila kahawa ilikuwa ya kaka yangu. Kaka alikuwa anasoma mjini Moshi, na baba alisema kahawa haiwezi kubeba wawili. Nikauliza, kwani isigawanywe nusu kwa nusu? Nikaambiwa nimeota pembe.

Baba alikuwa fundi mwashi. Mwaka ule alimjengea mzungu mmoja mwenye shamba dohani ya nyumba yake, na kila alipoingia sebuleni kupima, aliona kisahani kimejaa vijiwe vyekundu. Mpishi wa pale akamweleza. Kila kiangazi yule mzungu, mkewe na watoto wao huteremka nyikani na mahema, viti vya kukunja na mbwa, wanakaa wiki mbili wanatafuta vito, kwa kujifurahisha tu. Vito hivyo, mpishi akasema, mchwa ndio wanaovipandisha kutoka chini wakati wanajenga vichuguu. Unachukua udongo wa kichuguu, unachekecha, unaosha, unaangalia. Basi.

Baba alirudi nyumbani macho yamemtoka. "Mimi mawe ndiyo kazi yangu," akasema. "Mzungu anayaona, mimi niyakose?" Halafu akasimama mbele ya mama, kofia mkononi, akatamka maneno ambayo nayasikia mpaka leo: "Jiwe la kwanza zuri ni la shule ya huyu mtoto."

Kwa hiyo kaka asomeshwe na kahawa, mimi nisomeshwe na mchwa. Nami, mjinga wa watu, nilifurahi.

Kutengeneza chekeche, baba alibandua waya wa kichanja cha kuanikia kahawa. Mama akamwangalia wee, akasema, "Sasa jiwe likikosekana, kahawa ya mwakani utaianika kichwani?" Baba akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, baba yangu. Wengi walimpenda kwa hilo. Mimi pia nilimpenda kwa hilo, mpaka wiki ile.

Tuliondoka watu wanne. Baba, mama, mimi, na fundi mwenzake baba, ambaye lazima nimweleze vizuri, maana bila yeye mimi leo ningekuwa mwalimu mstaafu na nisingekuwa na kisirani na kuku.

Alikuwa Mpare. Sasa Wachagga na Wapare ni watani tangu enzi za mababu, na mtani wako anaweza kukutukana, kukukejeli, hata kuchukua kitu chako mbele ya macho yako, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye mkosaji. Siku ya maziko ya bibi yangu, yule bwana aliketi juu ya jeneza akagoma kushuka mpaka apewe kuku, na waombolezaji wakacheka huku wanalia. Aliwahi kumvua baba kofia mlangoni mwa kanisa akaivaa mwaka mzima. Baba naye aliwahi kumchukulia paja zima la mbuzi jikoni kwake. "Mchagga akizimia, mtikisie shilingi sikioni," mtani husema. Baba hujibu, "Na Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku." Basi wanagongana mabega, wanaenda kunywa mbege.

Lakini mama yangu naye alikuwa Mpare. Baba alimwoa kutoka Usangi, Upareni. Kwa hiyo mtu yule nyumbani kwetu alikuwa mtani wa baba, kaka wa mama kwa kabila, na mimi nilimwamkia shikamoo mjomba. Shikeni hapo, ndipo kesi ilipo.

Tulitembea siku mbili kuteremka. Kuna karatasi ya bomani ambayo mtu wa kutafuta vito alitakiwa awe nayo, na mtu kama baba hakuwa nayo wala hangepewa, kwa hiyo tuliagizwa tukikutana na yeyote tuseme tunafuata magadi ya kupikia maharage. Mzungu yeye aende na viti vya kukunja, sisi twende na uongo. Hilo nalo liliniuma, ingawa kwa umri ule sikujua kulisema.

Tulipiga kambi chini ya migunga miwili, karibu na mto uliokauka. Baba na mtani walikata miiba wakazungusha boma, wakatandaza turubai la kuazima, na hapo kazi yao nzito ikaishia. Nasema kweli tupu. Wao walivunja vichuguu asubuhi, jua likipanda wakakaa kivulini wakiutazama mlima wetu kule juu na kubishana nyumba ya nani iko upande gani. Mama na mimi tulichimba maji kwenye mchanga wa mto, tukayateka kwa kata, tukayabeba, tukaosha udongo kwenye chekeche mpaka vidole vikachubuka, na bado tukapika. Ndizi tulizobeba ziliiva zote kwa joto siku ya tatu. Tukala ugali na maharage, maharage na ugali. Mbung'o walitung'ata mpaka mama akawa anawasalimia, "Karibuni tena, bado mguu huu."

Vijiwe tulipata, vingi. Vilikuwa vidogo kama mbegu za ulezi, au vimepasuka, au vya rangi ya kutu. Kila kimoja baba alikiinua juani, akafumba jicho moja, akakitupa. Siku zikaenda. Mimi nilikuwa nahesabu zilizobaki kabla ya shule kufungua, na kila jioni nilikuwa nimepoteza moja.

Siku ya nane mtego wa baba ulinasa kanga, njia ya kwenda majini. Loo, tulivyofurahi! Nyama! Baba akamchinja, akatuachia kazi yetu. Mama akamnyonyoa, akampasua, mimi nimeshika miguu. Ilikuwa mchana, jua la kichwani. Wanaume wamejilaza kivulini, mtani amejifunika kofia usoni.

Mama akaitoa firigisi, akaichana kwa kisu, akaikunjua. Ndani kulikuwa na mbegu za majani, mchanga, na jiwe. Lilikuwa kama punje ya hindi, ila jekundu na laini, limesuguliwa na tumbo la ndege mpaka halina kona. Mama akalisafisha kwa upindo wa nguo yake, akaliinua. Lilikuwa kama kaa la moto linapopulizwa.

Mama yangu hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Hapo alicheka, kicheko kidogo cha tumboni, kama msichana. Akanishika mkono, akaufungua, akaliweka jiwe katikati ya kiganja changu. "Blanketi," akasema. Akakikunja kidole changu kimoja juu yake. "Sanduku." Akakunja cha pili. "Gauni moja. Gauni la pili." Kidole gumba akakikunja mwisho. "Na ada."

Kama ningekimbia wakati ule! Kama tungelifunga kwenye nguo tukanyamaza! Lakini mama alikuwa mke wa watu mwenye adabu zake. Akamwita mumewe.

Walikuja wote wawili. Nikafungua mkono. Baba akapiga mluzi. Kabla hajanyoosha kidole, mtani akalinyakua jiwe kutoka kiganjani mwangu, akalitazama juani, akatoa leso, akalifunga fundo, akalisokomeza mfuko wa ndani wa shati. Akapiga kifua mara mbili. "Mtani," akasema, "hili nimelichukua."

Na baba akacheka. Alishika magoti akacheka mpaka machozi! "Umeniweza!" akasema. "Mpare umeniweza!"

Nikasubiri. Mara nyingine mtani huchukua kitu, akakuzungusha, mwisho akakurudishia. Nikasubiri arudishe. Akakaa zake chini, akauliza kama nyama iko karibu.

"Mjomba," nikasema, "hilo ni langu. Ni la shule."

"Wewe ni mtoto wa mtani," akanijibu akitabasamu, "kwa hiyo mtani mdogo. Nyamaza, nisije nikakuchukua na wewe."

Hapo mama alisimama. Kisu cha kupasulia kanga alikuwa nacho bado mkononi, ingawa sidhani kama alikumbuka. Alizungumza polepole. "Kaka," akasema, "huyu kweli ni mtani wako, na mtoto wake ni mtani wako. Mimi je? Mimi nimezaliwa Usangi. Tangu lini Mpare akamtania Mpare? Ukichukua cha Mchagga, huo ni utani, nami nitacheka. Ukichukua cha dada yako, huo ni wizi."

Aisee! Mtu yule aliacha kutabasamu. Wapare kesi wanaijua, na hii ilikuwa kesi iliyonyooka. Niliona mkono wake unapanda wenyewe kuelekea mfukoni. Nauapia mkono ule. Ulipanda.

Halafu ukasimama. Akafikiri. Mpare kweli! "Dada," akasema, "usemalo ni haki. Cha kwako siwezi kukigusa. Lakini jiwe lilikuwa wapi?"

"Kwenye firigisi."

"Na firigisi ni ya nani?"

Wasiojua desturi zetu nitawaambia. Kwetu mnyama akichinjwa, kila kipande kina mwenyewe tangu hajafa. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mwanamke ataisafisha, ataipika, ataiweka sahanini, ila haingii mdomoni mwake. Mtu yule aliuliza swali lake, kisha hakumtazama mama tena. Akamtazama baba. Mama naye akamtazama baba. Mimi nikamtazama.

Alitakiwa aseme neno moja tu. Si kupigana. Si hata kukasirika! Angesema, "Hii ya leo nimempa mke wangu," kesi imekwisha, jiwe linarudi, utani unabaki utani, na mimi naenda shule. Yule bwana angelitoa, najua angelitoa, mkono ulishapanda. Wala baba hakulitaka jiwe libaki kwa mtani. Nilimwona usoni kwamba amekumbuka shule, kicheko kimemkauka. Lakini alikuwa ameulizwa na mwanamume mwenzake, mbele ya mkewe aliyeshika kisu, firigisi ya nyumba yake ni ya nani.

Akajikohoza. "Firigisi ni yangu," akasema. "Nyumbani kwangu firigisi haijawahi kuwa ya mwanamke."

"Umesikia, dada," akasema mtani.

Mama akainama, akaendelea kumkatakata kanga. Alimpika na chumvi na vitunguu. Firigisi akaiweka juu kabisa ya sahani ya baba, na baba akaila yote, tena kwa kuitafuna taratibu, huku ananitazama mimi kama anayeomba kitu. Mimi sikula. Nilikaa nyuma ya turubai nikalia kwa hasira mpaka nikapata kwikwi.

Tulibaki siku tatu nyingine. Hatukupata kitu.

Nyumbani mama alikwenda kwa mzee wa kanisa, akamweleza. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba mume ndiye kichwa. Mama akamuuliza, "Na mtoto je, yeye ni nini?" Mzee akamwombea. Siku ya kufungua shule ikafika, ikapita nikiwa nakata majani ya ng'ombe. Nafasi yangu ilipewa msichana wa kijiji cha pili, wa tano kwenye ule ule mtihani wangu. Simchukii. Alikuja kuwa muuguzi, akanizalisha mtoto wangu wa pili.

Mtani alinunua baiskeli. Wasiwasi wa kwamba labda jiwe lilikuwa bure, la kuchezea tu, uliniisha siku hiyo. Baiskeli mpya, nyeusi, yenye kengele na taa, na kila siku ya soko la Kwa Sadala ilipita mbele ya geti letu. Kengele ikilia, baba hutoka mbio. "Mtani! Gurudumu la mbele ni langu!" Yeye hujibu, "Njoo ulifungue!" Wanacheka wote wawili. Mimi niko zizini na jembe la samadi, nasikia kengele, nasikia kicheko. Utani gani huo? Mnaotaniana wawili, anayelia wa tatu!

Mama hakulalamika tena. Lakini nisikilizeni alichofanya. Tangu tulipotoka nyikani, firigisi haikufika tena kwenye sahani ya baba. Kuku alipochinjwa, mama aliipika, akaigawa nusu kwa nusu, tukala jikoni mimi na yeye, tumesimama. Mara ya kwanza nilidhani atapigwa. Baba alivuta sahani, akaigeuzageuza kwa kidole, akaona haimo. Akala paja.

Hakuuliza siku ile, wala mwaka ule, wala miaka yote thelathini na zaidi waliyoishi pamoja baada ya hapo. Hakuuliza hata mara moja! Na hapo ndipo damu yangu inapochemka, hapo hasa, kuliko kwenye jiwe, kuliko kwenye baiskeli. Kumbe aliweza kuishi bila firigisi! Kumbe haikuwa kitu!

Mama alitangulia kufa. Tulimzika kihambani, nyuma ya nyumba. Baada ya maziko wanawake wa kanisa walipakua chakula, na kwa kuwa hawakujua ya nyumbani kwetu, walimwekea mfiwa sahani kwa heshima zote, firigisi juu. Nilikuwa nimesimama karibu na sufuria. Wazee walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, na mtani kati yao, mzee sasa, meno mawili. Akafanya linalompasa mtani kufanya msibani. Akanyoosha mkono kwenye sahani ya baba. "Mtani," akasema kwa nguvu ili watu wacheke, "firigisi hiyo nimeichukua."

Baba akaifunika kwa kiganja.

"Hii siwezi kukupa," akasema. "Si yangu. Ni ya mama wa watoto hawa." Watu wakaanza kucheka, wakidhani ni utani. Yeye hakucheka. "Na ile ya nyikani ilikuwa yake," akasema. "Haikuwa yangu hata ile."

Mtani akarudisha mkono wake, akautazama. Baba akageuka, akaninyooshea sahani. Neno lile lile, neno lenyewe hasa nililolisubiri nikiwa mtoto chini ya mgunga, sasa ndipo analisema, mimi nina wajukuu.

"Mwenyewe hayuko mbali, baba," nikamwambia. "Kamwambie."

Mama alikuwa pale pale nyuma ya nyumba, kati ya migomba, udongo bado mbichi. Baba akainuka. Hakuwa na fimbo yake, na ardhi ilikuwa na utelezi. Akaenda na sahani yake, hatua kwa hatua, akishika mgomba mmoja, kisha mwingine. Sikumshika mkono.